Jani, Mwanga na Mkanda: Kiswahili na Sanaa ya Filamu za Mimea

1.0 Utangulizi



Mihadhara ya taaluma za Kiswahili imezoea kushughulikia ushairi, riwaya, sarufi na historia ya lugha. Mhadhara huu unaielekeza taaluma hiyo kwenye sanaa ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, haina uhusiano nayo: sanaa ya kutengeneza filamu za majaribio kwa kutumia mimea yenyewe, bila ya kamera. Msanii wa filamu za aina hii haendi mbali kutafuta cha kuonyesha. Huchuma majani, maua na magugu mahali anapopajua, huyalaza juu ya mkanda wa filamu, huuacha mwanga na maji ya mimea vifanye kazi, kisha huupitisha mkanda huo katika projekta. Kinachoonekana kwenye kiwambo si mmea uliotazamwa kutoka mbali, bali ni alama iliyoachwa na mmea uliougusa mkanda.

Swali la msingi ni hili: je, Kiswahili kina lugha ya kuizungumzia sanaa hiyo? Jibu ambalo hutolewa haraka katika mijadala ya istilahi ni kwamba maneno hayapo, kwa hiyo yaundwe, na njia nyepesi ni kutohoa. Mhadhara huu unatetea jibu jingine. Sehemu kubwa ya lugha hiyo ipo tayari, ila haipo pale inapotafutwa. Hutafutwa katika nomino za kitaalamu, ilhali imo katika vitenzi vya watu wanaoshughulika na mimea kila siku, yaani wasukaji wa ukili, wapakaji wa hina na wapishi, na imo pia katika majina ya mimea. Hazina hii ya pili inapungua. Hapo ndipo mada hii inapoacha kuwa ya anasa na kuwa ya dharura.

Mhadhara utaanza na historia fupi ya sanaa yenyewe, utaeleza namna kazi inavyofanyika, kisha utachunguza mambo manne ya lugha: dhana ya mandhari, suala la mtenda, chanzo cha istilahi, na majina ya mimea.

2.0 Historia fupi ya sanaa ya kuchapa mimea kwa mwanga

Kulaza mmea juu ya kitu kinachoathiriwa na mwanga ni jambo la tangu siku za mwanzo za upigaji picha. Katika miaka ya 1830, William Henry Fox Talbot wa Uingereza alilaza majani na maua juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za madini ya fedha, akaiweka juani. Mahali palipopigwa na jua palikuwa peusi. Mahali palipofunikwa na jani palibaki peupe. Mwaka 1842 John Herschel alitoa taarifa ya majaribio yake kuhusu maji ya maua. Alipaka karatasi maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye petali, akaonyesha jinsi rangi hiyo inavyopauka inapopigwa na jua. Mwaka uliofuata, yaani 1843, Anna Atkins alianza kutoa kitabu chake cha mwani wa Uingereza. Kila ukurasa ulichapwa kwa jua, mwani wenyewe ukiwa umelazwa juu ya karatasi, na kazi hiyo iliendelea hadi mwaka 1853.

Mbinu hii ilihamia katika filamu katika karne ya 20. Mwaka 1923 huko Paris, Man Ray alitengeneza filamu fupi ya Le Retour à la raison, ambayo baadhi ya sehemu zake zilipatikana kwa kunyunyiza chumvi, pilipili na pini moja kwa moja juu ya mkanda. Hata hivyo, mtu aliyeifanya mimea kuwa kiini cha filamu ni Mmarekani Stan Brakhage. Mwaka 1963 alitengeneza Mothlight, filamu isiyo na sauti ya takriban dakika nne. Hakutumia kamera. Alikusanya mbawa za nondo, petali na majani membamba ya nyasi, akayabana baina ya tabaka mbili za utepe mwangavu wenye upana wa milimita 16, kisha maabara ikauchapa utepe huo kuwa filamu inayoweza kuonyeshwa. Nondo hao walikuwa wamekufa kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jambo hilo, kwa kuwa kila msimu wa mvua huwaona kumbikumbi wakiijia taa na kuacha mbawa zao chini yake. Katika Mothlight mbawa hizo zinarudishwa kwenye mwanga, lakini safari hii mwanga hauziunguzi, unazipitia.

Mwaka 1981 Brakhage aliirudia mbinu hiyo katika filamu ya The Garden of Earthly Delights, iliyopewa jina la mchoro maarufu wa Hieronymus Bosch. Filamu hii ya dakika mbili hivi, yenye mkanda wa milimita 35, ilitengenezwa kwa mimea ya milimani. Brakhage alikuwa ameishi miaka mingi katika milima ya Colorado, na mimea aliyoitumia haikuwa ya bustani za fahari wala ya nchi za mbali. Ilikuwa mimea ya mahali alipokuwa akiishi.

Hatua ya karibuni zaidi inahusishwa na Karel Doing, msanii wa Kiholanzi anayefanya kazi Oxford, Uingereza. Mbinu yake ameiita kwa jina lililoundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya mmea na jingine likiwa na maana ya maandishi au mchoro. Kwa Kiswahili jina hilo linaweza kutoholewa kuwa fitogramu. Ameitumia katika filamu kama The Mulch Spider's Dream ya mwaka 2018, na mwaka 2020 aliieleza katika makala ya kitaaluma inayohusu kujengwa upya kwa uhusiano baina ya binadamu na mimea. Kwa upande mwingine wa Atlantiki, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, Philip Hoffman alianzisha mwaka 1994 warsha ya filamu inayofanyika shambani, ambapo washiriki huisafisha mikanda yao kwa mikono yao wenyewe.

Tofauti baina ya Brakhage na Doing ni muhimu kwa hoja ya mhadhara huu. Kwa Brakhage, mmea ni kitu kinachopitiwa na mwanga. Umbo lake, mishipa yake na rangi yake vinaonekana kwa sababu mwanga umepenya. Kwa Doing, mmea ni zaidi ya hapo. Kemia iliyomo ndani ya jani ndiyo inayoitokeza picha. Jani linafanya kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na dawa za maabara.

3.0 Namna jani linavyochapika

Mkanda wa filamu ya nyeusi na nyeupe una tabaka kuu mbili. Ya chini ni utepe mwangavu, ambao katika mikanda mingi hutengenezwa kwa selulosi iliyotokana na mbao au pamba. Ya juu ni utando wa jelatini, itokanayo na mifupa na ngozi za wanyama, uliochanganywa na chembe za chumvi za fedha. Kwa hiyo hata kabla jani halijalazwa, mmea umo tayari ndani ya mkanda.

Chembe za chumvi ya fedha zinapopigwa na mwanga hupata badiliko dogo lisiloonekana kwa macho. Ili picha ionekane, huhitajika dawa inayoigeuza chumvi hiyo kuwa madini halisi ya fedha, ambayo ni meusi. Mimea mingi ina kemikali zenye uwezo huo, nazo ni za jamii ya fenoli, zikiwamo tanini. Uwezo huo ulidhihirishwa wazi mwaka 1995 katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, ambapo Scott Williams na wanafunzi wake walisafisha filamu kwa kutumia kahawa ya unga na kabonati ya sodiamu. Baadaye watumiaji wa mbinu hiyo waliongeza vitamini C ili kuipa nguvu.

Fitogramu hutumia kanuni hiyohiyo bila ya kuukamua mmea. Majani huloweshwa katika maji ya uvuguvugu yenye kabonati ya sodiamu na vitamini C. Kisha hulazwa juu ya mkanda, mchana, nje ya chumba cha giza. Pale jani linapougusa utando wa jelatini, kemikali zake huingia na kuanza kazi. Pale lisipogusa, utando hubadilika kwa mwanga tu. Baada ya muda, pengine nusu saa na pengine zaidi, jani huondolewa, na alama yake hubaki ikionyesha mishipa, kingo na hata vinyweleo. Hatimaye mkanda hutiwa katika dawa ya kuondoa chumvi ya fedha iliyosalia, ili mwanga usiendelee kuibadili picha, kisha huoshwa kwa maji safi.

Jambo linalofuata ni la hesabu. Katika mkanda wa milimita 16, umbali kutoka fremu moja hadi nyingine ni milimita 7.62. Projekta hupitisha fremu 24 kwa sekunde. Kwa hiyo jani lenye urefu wa sentimita 15 hukaa juu ya fremu zisizofikia 20, na kwenye kiwambo hupita kwa muda usiotimia sekunde moja. Filamu ya dakika moja huhitaji fremu 1,440, yaani mkanda wa takriban mita 11 uliojazwa majani. Jani halijui mpaka wa fremu; hupita juu yake. Projekta ndiyo inayolikata vipande, na jicho la mtazamaji ndilo linaloviunganisha vipande hivyo na kuona kitu kinachotetemeka kama kilicho hai.

4.0 Mandhari au mahali?

Wahakiki wa filamu za aina hii husisitiza kwamba zinatokana na mandhari iliyozoeleka. Neno mandhari linastahili kuchunguzwa. Lina asili ya Kiarabu, kutoka katika mzizi unaohusu kutazama. Ndani yake mna mtu aliyesimama pembeni akitazama. Ni neno linaloifaa sana kamera, kwa sababu kamera nayo husimama pembeni na kutazama. Neno mazingira, kwa upande wake, limetokana na kitenzi cha Kibantu, zingira. Katika mazingira binadamu hasimami pembeni, amezungukwa.

Filamu ya mimea haitokani na kutazama, bali na kugusa. Msanii huinama, huchuma, huloweka, hulaza. Kwa hiyo kuieleza kuwa ni sanaa ya mandhari ni kuielezea kwa istilahi ya sanaa nyingine. Dhana iliyo karibu zaidi nayo ni ile ya mahali, ambayo katika Kiswahili si nomino tu, bali ni sehemu kamili ya mfumo wa sarufi, yenye upatanisho wake wa pa-, ku- na mu-. Kwamba mahali panaweza kuwa kiima, na kitenzi kikakubaliana napo, ni jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulifanya kila siku bila ya kulishangaa.

Neno la pili ni zoea. Kutokana na kitenzi hiki Kiswahili kina mazoea, yaani hali ya kuwa karibu na kitu kwa muda mrefu, na kina pia mazoezi, yaani kazi inayorudiwarudiwa ili mtu apate ustadi. Mzizi ni mmoja. Kwa muktadha wa sanaa hii, uhusiano huo si wa bahati. Anayetengeneza filamu kwa mimea ya mahali alipopazoea hafanyi hivyo kwa sababu ya mapenzi tu. Amepata kujua, kwa kujaribu na kurudia, ni jani lipi linatoa alama nzito na lipi halitoi kitu, ni lipi linafaa likiwa bichi na lipi likiwa limesinyaa, na mwezi gani maji yake ni mengi. Maarifa hayo hayahamishiki kwa urahisi kutoka Oxford hadi Ontario, wala kutoka Colorado hadi Pemba. Kila mahali panadai mazoezi yake, na mazoezi hayo huhitaji mazoea.

5.0 Nani anayetenda?

Kiswahili husema kupiga picha. Kitenzi piga katika miundo ya aina hii, kama vile kupiga pasi, kupiga chapa, kupiga mbizi au kupiga simu, kwa kawaida humtaka mtenda mwenye utashi. Katika upigaji picha wa kamera kitenzi hiki kimekaa mahali pake: kuna mtu, kuna chombo, na kuna tendo la mara moja linalokwisha kwa sehemu ya sekunde. Lakini katika filamu ya mimea, nani anayepiga? Hebu zilinganishwe sentensi hizi:

(a) Msanii alipiga picha ya jani.
(b) Msanii alichapa jani kwenye mkanda.
(c) Jani lilijichapa kwenye mkanda.
(d) Jani lilichapika kwenye mkanda.
(e) Mkandani mmechapika majani.

Sentensi (a) si ya kweli kwa sanaa hii. Hakuna picha iliyopigwa. Sentensi (b) inamrudishia msanii kazi yote na kulifanya jani kuwa yambwa lisilo na mchango. Sentensi (c) inakwenda upande wa pili: inalipa jani utashi. Fauka ya hayo, kitenzi chapa kina maana ya kupiga kwa fimbo, na kauli ya kujitendea inaweza kuleta kicheko badala ya maelezo. Sentensi (d), yenye kauli ya kutendeka, inaliacha suala la mtenda bila ya kulijibu, na kwa sababu hiyo inaufikia ukweli kwa karibu zaidi. Jambo limetokea, lililowezesha litokee ni msanii, jani, jua na chumvi ya fedha kwa pamoja.

Sentensi (e) ndiyo inayostahili kupewa uzito. Hapa mahali pamekuja mbele, na kitenzi kimekubaliana na mahali. Majani yamebaki nyuma ya kitenzi. Wanaisimu wameshughulikia sana muundo huu katika lugha za Kibantu. Kwa mhakiki wa filamu za mimea, muundo huu unatoa njia ya kusema jambo ambalo wahakiki wa lugha nyingine hulazimika kulieleza kwa aya nzima ya nadharia, yaani kwamba picha ni tukio la mahali kabla ya kuwa kazi ya mtu.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Upatanisho wa kisarufi si uthibitisho wa falsafa. Kwamba mkandani kunakubaliana na kitenzi hakumaanishi kwamba Waswahili wanaamini kuwa mkanda au mahali pana nafsi. Katika muundo huu, mahali ni mada ya sentensi, si mtenda. Anayedai zaidi ya hapo ameiacha isimu na kuingia katika kubahatisha. Linaloweza kudaiwa kwa uhakika ni dogo, lakini linatosha: sarufi ya Kiswahili haimlazimishi mwandishi kuchagua baina ya msanii anayetenda kila kitu na jani linalojitendea lenyewe. Inampa nafasi ya tatu.

6.0 Istilahi kutoka kwenye sufuria ya rangi

Istilahi za upigaji picha zilizoenea Afrika Mashariki ni za aina mbili. Ziko zilizotoholewa, kama picha, kamera, filamu na projekta. Na liko neno lililobuniwa na watumiaji wenyewe, ambalo ni kusafisha picha, kwa maana ya kuufanyia mkanda kazi ya maabara hadi picha ionekane. Huenda neno hili limetokana na kuona mikanda na karatasi zikitiwa katika beseni za maji na dawa. Limekubalika, na hakuna sababu ya kulifuta. Lakini lina upungufu. Kusafisha ni kuondoa kilichozidi. Katika hatua hii ya kazi, hakuna kinachoondolewa. Kilichokuwa hakionekani kinaletwa kwenye kuonekana.

Iwapo istilahi ya filamu za mimea itatafutwa, haifai kuanza na kamusi ya kigeni. Ianze na mtu anayetia ukili rangi. Huyu huchemsha maji ya rangi, huchovya ukindu, hutoa, huanika, hutazama kama rangi imeshika, na huchovya tena kama haijakolea. Ianze pia na mpakaji wa hina. Huyu hutwanga jani, huliloweka, hulipaka, huliacha likae, kisha hulibandua na kutazama kama limekolea. Kazi ya mpakaji wa hina na kazi ya mtengenezaji wa fitogramu zinafanana kwa hatua zake zote: jani, maji, mguso, muda, kuondoa, alama. Tofauti ni kwamba moja hufanyika juu ya ngozi ya mtu na nyingine juu ya jelatini, ambayo nayo asili yake ni ngozi na mifupa.

Kutokana na kazi hizi hupatikana vitenzi vinne vinavyoweza kubeba mzigo wa kitaalamu. Cha kwanza ni kulaza, kwa tendo la kuliweka jani juu ya mkanda. Cha pili ni kukolea, kwa hali ya alama kufikia uzito unaotakiwa. Kutokana nacho hupatikana kukoleza, kwa tendo la kuiongezea nguvu, na ukolevu, kwa kiwango chake. Cha tatu ni kushika, kama inavyosemwa kuwa nguo imeshika rangi. Kutokana nacho hupatikana kushikisha, kwa hatua ya mwisho ya kuifanya picha isibadilike tena. Cha nne ni kuchuja, kwa maana ile ya nguo kupoteza rangi, ambacho kinafaa kwa picha iliyopauka kwa sababu haikushikishwa vizuri. Vitenzi hivi vinanyambulika, vinaeleweka na msikilizaji wa kawaida, na vinaunda mfumo mmoja. Kwa vigezo vyovyote vya uundaji wa istilahi, hizo ni sifa njema.

Si vitenzi peke yake. Ukakasi ni neno la zamani kwa ile ladha inayokaza ulimi na kuyatia meno ganzi mtu anapouma tunda bichi. Tanini ni miongoni mwa vitu vinavyoleta ladha hiyo katika ndizi mbichi au pera changa, na ndiyo hiyohiyo inayoweza kuigeuza chumvi ya fedha. Kwa hiyo ulimi wa Mswahili umekwisha kuitambua na kuipa jina sifa ambayo msanii wa fitogramu huitafuta katika jani, ingawa hekima haimruhusu mtu kuonja jani asilolijua. Magadi nayo ni neno la jikoni, linalojulikana na kila aliyepika kunde au kisamvu. Magadi ya asili, kama yale ya ziwa Magadi nchini Kenya na ziwa Natron nchini Tanzania, ndani yake mna kabonati ya sodiamu, dawa ileile inayotajwa katika maelekezo ya wasanii wa Ulaya na Marekani, ingawa huwa imechanganyika na chumvi nyingine na nguvu yake si sawa na ile iliyosafishwa.

Haya yote hayana maana kwamba utohozi ni kosa. Neno fitogramu lina manufaa katika orodha za matamasha na katika makala za kimataifa. Pendekezo la mhadhara huu ni mgawanyo wa kazi: jina la kutohoa litumike kwa aina ya sanaa, na vitenzi vya wenyeji vitumike kwa kazi yenyewe. Mwanafunzi atakayesema kwamba fitogramu yake haijakolea kwa sababu jani halikulazwa vizuri atakuwa amezungumza Kiswahili cha kitaalamu, na bibi anayesuka mkeka jirani naye atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya sentensi hiyo.

7.0 Majina ya mimea

Sanaa inayotegemea mimea ya mahali maalumu haiwezi kuzungumzwa bila ya majina ya mimea hiyo. Hapa ndipo penye hasara. Pwani ya Afrika Mashariki ina msamiati mpana wa miti ya mikoko: mkoko wenyewe, mkandaa, mchu, mui, mlilana, mkomafi. Kila jina lina mti wake, na kila mti una matumizi yake katika ujenzi, kuni, dawa au rangi. Magome ya baadhi ya miti hii yana tanini nyingi, na katika enzi ya ukoloni yalisafirishwa kwenda nje kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Gome la mkandaa lilijulikana kwa rangi yake. Mfanano wa sauti baina ya mkandaa na mkanda usimdanganye mtu. Mfanano wa sauti si ushahidi wa undugu. Lakini uhusiano wa kikemia upo: kilichomo ndani ya mti huo ni cha jamii ileile inayoandika juu ya mkanda.

Mwanafunzi anayekulia mjini aghalabu huyajua majina mawili au matatu ya miti hiyo, na mingine yote huiita mikoko. Nyasi zote ni majani. Mimea yote isiyopandwa na mtu ni magugu. Hili si kosa lake. Lugha hufuata kazi, na kazi ikikoma jina hukosa wa kulitamka. Kamusi inaweza kulihifadhi jina la mlilana, lakini haiwezi kumfundisha mtu kuutambua mlilana kati ya miti mingine ufukweni. Jina lililomo katika kamusi tu, bila ya jicho na mkono vinavyolijua, limebaki nusu.

Kwa sababu hiyo, filamu za mimea zina faida ambayo wasanii wenyewe hawakuikusudia kwa ajili ya Kiswahili. Kazi hii humlazimisha mtu kutofautisha. Majani mawili yanayofanana kwa macho huacha alama mbili tofauti juu ya mkanda: moja nzito, nyingine hafifu, moja yenye mishipa iliyonyooka, nyingine yenye wavu. Anayeziona alama hizo huhitaji majina mawili ili aziandike katika daftari lake la majaribio. Haja ya jina inarudi. Atakayemjibu swali lake hatakuwa mwalimu wa filamu. Atakuwa mkata magogo, mganga, mvuvi au bibi wa jirani, na swali lenyewe litaulizwa kwa Kiswahili.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umejaribu kuonyesha kwamba sanaa iliyokulia Uingereza, Marekani na Kanada inaweza kuzungumzwa kwa Kiswahili kwa kutumia mali iliyopo. Sarufi ya mahali inatoa nafasi ya kueleza picha isiyo na mpigaji. Kauli ya kutendeka inaepusha ugomvi wa mtenda. Vitenzi vya rangi na hina vinaeleza hatua za kazi kwa usahihi kuliko tafsiri za moja kwa moja. Maneno ya jikoni yanagusa kemia yake.

Yapo mambo mawili ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuyafanya bila ya kusubiri fedha nyingi. La kwanza ni kuwatuma wanafunzi wa istilahi kwa wasukaji, wapakaji na wapishi, wakakusanye vitenzi vya kazi pamoja na minyambuliko yake, badala ya kukaa maktabani na orodha ya nomino za Kiingereza zinazongoja tafsiri. La pili ni kukusanya majina ya mimea ya mahali kwa mahali, pamoja na sampuli ya kila mmea na maelezo ya anayeutumia. Karatasi ya picha, maji ya magadi na vitamini C ya dukani vinatosha kwa majaribio ya mwanzo ya kuchapa sampuli hizo juani, na jani likichapika jina lake liandikwe pembeni ya alama kwa mkono wa yule aliyelitaja. Orodha ya aina hiyo itamfaa mwanaisimu, mwanabotania na msanii kwa pamoja. Ianzwe mapema, wakati wanaoyajua majina hayo bado wapo wa kuulizwa.